Mizinga ya Mahameni

Machi 12, 1975. Jumatano.
Leo kata imetugawia mabalozi wa nyumba kumi daftari moja moja la kuandikia mahudhurio ya shamba la kijiji. Kurasa za mbele nimeandika majina ya watu wangu kama nilivyoagizwa. Za nyuma hakuna aliyesema ni za nani, kwa hiyo nimezitaifisha.

Nyumba ya kwanza watu sita. Ya pili tisa. Ya saba mtu mmoja. Huyo mmoja ni mimi, Wenceslaus, balozi mwenyewe. Mke wangu Marselina yuko Magomeni, Kilosa mjini, kwa kaka yake Stefano, fundi cherehani. Katibu kata akiuliza nasema amekwenda kuuguza. Huu ni mwezi wa tano. Mgonjwa wa miezi mitano angekuwa ameshapona au ameshazikwa, lakini katibu kata ana adabu, haulizi zaidi.

Machi 13.
Mvua.

Machi 16. Jumapili.
Mvua tangu alfajiri, hakuna aliyekwenda shambani wala kanisani. Niandike yaliyotokea, maana nikiyaacha kichwani yanazidi kuninyonga.

Oktoba mwaka jana watu wote wa milimani tuliambiwa tushuke huku bondeni, karibu na barabara ya kwenda gulio la Ulaya, tukae kijijini pamoja. Watu walisitasita. Mimi nilikuwa balozi, na nilikuwa nimesema kwenye mikutano yote kwamba kiongozi ni mfano. Siku ya siku ikafika na hakuna aliyegusa nyumba yake. Basi nikapanda juu ya paa langu nikaanza kung'oa nyasi mwenyewe, watu wakiona. Walipoona, wakafuata. Mwenyekiti Danieli alinipigia makofi.

Tatizo ni kwamba lile paa halikuwa langu. Kule mlimani ardhi ni ya ukoo wa mama. Sisi waume ni wageni tuliokaribishwa tukakaa. Nyumba ile aliijenga mama mkwe wangu, Bi Costancia, na kaburi lake liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Marselina alitoka nje akanikuta juu, nyasi mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Paulina, hata kuniuliza?" Nikamjibu kwamba serikali haiulizi mlango kwa mlango. Mimi, mume wake, nilijiita serikali!

Alibeba chungu chake mpaka huku chini. Alilala hapa siku mbili. Ya tatu akaenda kwa kaka yake.

Machi 19.
Mvua. Palizi imekwama.

Machi 30. Pasaka.
Nimekula ugali wa unga wa njano na mlenda niliopika mwenyewe. Mlenda wangu ungeweza kubandika bahasha. Marselina Pasaka alikuwa anaweka asali kwenye uji, kijiko kimoja kwangu, kimoja kwake, na cha tatu analamba akidhani simwoni.

Aprili 6. Jumapili.
Nimepanda mlimani. Tumekatazwa kurudi mahameni, kwenye makazi tuliyoyahama, na mimi ndiye ninayewakataza watu, kwa hiyo nilizunguka kwa nyuma, kupitia korongoni. Nilijiambia nafuata jiwe la kusagia. Jiwe la kusagia ninalo hapa ndani.

Kuta zimeanza kuyeyuka. Boga limeota chumbani kwa Bi Costancia. Nilisimama kaburini nikasema shikamoo mama, kisha nikaona haya kuendelea.

Mizinga yote sita bado iko juu ya miti. Hiyo ndiyo mahari yangu. Nilipoposa, Bi Costancia hakutaka mbuzi wala jembe. Alisema, "Nichongee mizinga sita, uitundike kwenye miti yetu. Kila msimu kibuyu cha kwanza ni changu." Nilichonga magogo mwaka mzima, mikono ikatoka ngozi. Miwili niliitundika chini, kwenye matawi ambayo mtu akisimama juu ya kichuguu anayagusa. Minne iko juu sana, nilikuwa kijana nataka kuonekana. Ukame wa mwaka juzi uliwafukuza nyuki wote. Sasa mizinga imejaa buibui na nondo. Nilipiga wa chini kwa kijiti, ukalia mtupu.

Nilikaa pale mpaka jua likageuka. Nilimtamani mke wangu, mimi mtu mzima mwenye mvi.

Aprili 8.
Mvua. Kaya mbili hazikufika shambani. Nimeandika "mgonjwa" kwa zote mbili.

Aprili 21. Jumatatu.
Stefano amejibu barua yangu. Ninainakili ili nisijidanganye baadaye kwamba ilisema vingine.

"Shemeji, salamu. Utaratibu unaujua. Mke aliyerudi kwao haombwi kwa barua. Njoo na mzee mmoja, na kibuyu cha asali ya mizinga yako mwenyewe. Usininunulie asali ya dukani. Asali ya kununua inamwombea msamaha mtu mwingine. Dada yangu ni mzima. Jumamosi huwa anapanda lori kuuza vitambaa magulioni, siku nyingine anashona nami. Hakusema nikuandikie neno lolote kwa niaba yake."

Sentensi ya mwisho nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Kwa hiyo nahitaji asali, na ili nipate asali nahitaji nyuki. Mizinga ninayo, ila iko mahali nisipotakiwa kukanyaga.

Aprili 26.
Paulina, binti yetu, ameandika kutoka Mikumi, alikoolewa. Anauliza kama mama yake amesharudi. Sijajibu.

Mei 2.
Mvua imepungua. Mahindi yamebeba.

Mei 5.
Jirani yangu wa nyumba ya nane ni Lupakisyo, fundi viatu. Baba yake alikuja kutoka Tukuyu kukata mkonge, na yeye mwenyewe alivunjika mguu kwenye mashine ya mkonge, anachechemea. Mdomo wake hauchechemei. Leo kanikuta nafua.

"Balozi, sabuni nyingi hiyo. Shati litakataa kuvaliwa."

"Angalia viatu vyako, fundi."

"Viatu vyangu vina pea. Wewe je?"

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikakaa kitako.

Mei 11. Jumapili.
Maua yamefunguka mlimani. Huu ndio wakati nyuki wanahama na kutafuta nyumba. Nilipanda na panga, moshi wa matambara na kipande cha nta, niisafishe mizinga.

Nilikuta mtu ameshanitangulia! Mizinga miwili ya chini imekwanguliwa ndani, imefukizwa, imepakwa nta mpya. Vifuniko vimezibwa vizuri kwa udongo. Nilinusa: nta ya jana tu, bado laini.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kanuni ya warina asali ni moja: mzinga mtupu aliyeusafisha na kuupaka nta, nyuki watakaoingia ni wake, hata kama hakuuchonga yeye. Mtu ameniibia nyuki ambao hata hawajafika. Na si nyuki tu. Ameniibia kibuyu, na kibuyu ndio njia yangu ya kwenda Magomeni.

Nikajiuliza, kwa nini miwili ya chini tu? Ile minne ya juu ina buibui wake vilevile. Mwizi huyu hawezi kupanda mti. Ni mzee sana, au ana mguu mbovu.

Mei 13.
Nimepita kwa Lupakisyo kutengeneza ndara. Pembeni yake kuna donge la nta kubwa kama ngumi, la kupakia uzi wa kushonea. Limekatwa kipande. Nilimuuliza nta anaitoa wapi. Akasema, "Nta hutoka kwa nyuki, balozi, hata shule walifundisha."

Mei 18. Jumapili, Pentekoste.
Sikwenda kanisani. Padri atanisamehe, kwa kuwa niliyoyaona leo ni makubwa.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya kile kichuguu kumvizia Lupakisyo. Saa nne hivi nikasikia mvumo. Nilidhani ni ndege ya mbugani Mikumi. Mvumo ukashuka, mwanga ukabadilika, na hewa juu ya nyumba ya Bi Costancia ikajaa nyuki. Walizunguka mara tatu hivi, kisha wakatulia kwenye tawi la mninga wakawa bumba moja, jeusi, linaning'inia na kupumua. Nilikaa sipepesi macho. Wachache walitoka, wakaenda mzinga wa kwanza wa chini, wakaingia, wakatoka, wakazunguka kifuniko, wakaingia tena. Walikagua kama wanawake wanaokagua nyumba ya bibi harusi. Wakarudi kwenye bumba. Sijui waliwaambia nini wenzao.

Halafu bumba zima likafumuka na kumiminika. Dunia nzima ilikuwa nyuki. Walitua mdomoni mwa mzinga wakaanza kuingia kwa miguu, bila kusukumana, safu juu ya safu, kama watu wanaorudi kwao. Ilichukua nusu saa. Kisha kimya, na walinzi wawili watatu mlangoni.

Mzinga wa pili tayari ulikuwa na wenyewe. Nilipousogelea ndipo nikawaona wakipita na chavua miguuni. Labda wameingia katikati ya wiki.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha katika daftari langu mwenyewe. Nilitamani Marselina awe pale tuangalie pamoja, anishike mkono wa shati kama anavyofanya akishangaa. Na nililia kwa hasira pia, maana nyuki wote wale, kwa kanuni, ni wa fundi viatu.

Mei 22. Alhamisi.
Nimefanya jambo. Nililiona sawa asubuhi.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema kuna mtu anarudi mahameni kinyume cha amri na anajimilikisha mizinga isiyo yake. Mwenyekiti akasema nimtaje. Nikamtaja.

Lupakisyo alisimama kwa fimbo yake. Hakutania hata kidogo.

"Nta ni yangu, sikatai. Niliuza kipande. Lakini kule mlimani mimi sijapanda. Mguu huu, ndugu zangu, unaniomba ruhusa hata kwenda chooni."

"Ulimuuzia nani?" nikamuuliza.

"Mtu aliyeniomba nisiseme."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema anayeficha jina la mwizi ni mwizi. Lupakisyo akaadhibiwa Jumamosi mbili za kazi shamba la kijiji, badala ya kwenda gulioni Ulaya, ambako ndiko anakopata wateja wake wote. Alikaa chini taratibu, mguu ameunyoosha.

Nikadhani yamekwisha. Lakini Mwenyekiti Danieli alikuwa amesikia jingine.

"Kumbe kule kuna mizinga yenye nyuki? Na sisi tunahangaika kutafuta mradi? Ndugu wajumbe, mali iliyoachwa ni mali ya kijiji." Wakapiga kura, mikono yote juu. Mizinga yenye nyuki itashushwa Jumamosi tarehe 14 Juni, katibu kata awepo aone. "Na Balozi Wenceslaus ataongoza, maana miti anaijua, na siku zote ametuonyesha mfano."

Walinipigia makofi. Niliyajua makofi yale.

Mei 23.
Lupakisyo hakunisalimia.

Mei 24.
Yuko shambani analima kwa kukaa, anajisogeza. Sikuweza kuangalia. Nimemwandikia "amefika mapema".

Mei 31.
Vilevile.

Juni 3. Jumanne.
Nimewaza. Mei 11 ilikuwa Jumapili, nta ilikuwa ya jana yake. Jana yake ni Jumamosi. Jumamosi hiyo Lupakisyo alikuwa gulioni Ulaya tangu asubuhi. Mimi mwenyewe nilimpelekea huko kiatu cha mwenyekiti. Kwa hiyo ni nani aliyekuwa mlimani? Nimekosea na nimekosea mbele ya kijiji kizima.

Juni 7. Jumamosi.
Nimeandika mistari miwili nikaifuta. Naanza upya.

Nilipanda mapema, nikakaa ndani ya mabaki ya jiko. Kama saa tano hivi nikasikia mtu anakuja kwa njia ya Ulaya, ananyamaza na kuimba, ananyamaza na kuimba. Ni Marselina peke yake anayeimba hivyo, kwa sababu husahau maneno.

Alikuwa na kapu la vitambaa kichwani. Alilitua, akasalimia kaburi, akapalilia majani kwa mkono. Kisha akaenda kwenye mizinga, akasimama mbali kidogo, akawa anawaangalia nyuki wanavyoingia na kutoka. Uso wake ulikuwa umepumzika. Tangu Oktoba nimeusahau uso ule, nikawa nakumbuka ule mwingine tu, alioniangalia nao nikiwa juu ya paa.

Nilikohoa. Hakushtuka.

"Baba Paulina. Umekonda."

"Mama Paulina. Kumbe ni wewe."

"Ulidhani nani?"

Alikaa kwenye jiwe, akafungua kitambaa, akatoa mhogo wa kuchemsha, akaukata vipande viwili. Tulikula. Nilimuuliza kwa nini.

"Mama alikuwa anasema mahali pasipo na moshi wa jiko pabaki na nyuki angalau. Siwezi kumwachia mama boga tu." Alitafuna. "Mara ya kwanza nilikuja kulia. Ya pili nikaona aibu kulia na mikono iko tupu, nikaanza kukwangua. Nta nilinunua gulioni kwa fundi Lupakisyo, nikamwomba asiseme, nisije nikaonekana nazurura mahameni nikakuharibia uongozi wako."

Nikaweka mhogo juu ya jiwe.

"Yule mzee ni mwema," akaendelea. "Lakini Jumamosi mbili zilizopita sikumwona gulioni. Aliumwa?"

"Alikuwa shambani," nikasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema yote. Lakini alikuwa amegeukia mizinga, na akasema taratibu, kama anayejisemea, "Nimejiwekea siku. Wakikaa mpaka Sabasaba bila kuhama, nitarudi. Hiyo asali ya kaka itakuja wakati wake. Nikiona mahali hapa pamekubali kuishi tena, na mimi nitajaribu."

Nitajaribu! Alilisema neno hilo, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikijua kwamba Jumamosi ijayo watu watakuja na kamba na mashoka kwa maneno yangu. Sikumwambia. Nilitaka ile saa moja. Nilikula mhogo wake, nikamshikia kapu mpaka njia panda, akashuka kuwahi lori. Aligeuka mara moja.

Nampenda mke wangu na mimi ni mwoga. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Juni 8. Jumapili.
Nilikwenda kwa Lupakisyo asubuhi. "Umeniita mwizi mbele ya watu," akasema, "usije kuniomba radhi nyuma ya choo." Basi baada ya ibada nikawakusanya watu wa nyumba zangu kumi, nikasema nilimsingizia, na kwamba aliyenyamaza alinyamaza kwa heshima ya mke wangu. Wanawake walishika midomo. Lupakisyo akasema, "Nimesikia." Kisha akaniuliza kama kile kiatu cha mwenyekiti bado kinavuja.

Juni 12. Alhamisi.
Nimekwenda kwa Mwenyekiti Danieli. Nikamwambia mizinga ile ni ya ukoo wa mke wangu na nyuki ni wa mke wangu kwa kanuni, tuwaache. Akasema ukoo hauna mizinga, kijiji ndicho chenye mizinga. Nikamwambia basi tusubiri, nyuki hawahamishwi mchana, watakimbia. Akasema katibu kata anakuja mchana.

"Mbona paa hukusema ni la ukoo?" aliniuliza. Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli.

Juni 14. Jumamosi.
Nilimwomba Lupakisyo aende gulioni amzuie Marselina, amwambie leo asipande, nitamweleza mwenyewe Jumamosi ijayo. Aliondoka kwa lori la alfajiri.

Tulipanda watu kumi na wawili pamoja na katibu kata. Chini ya mti mwenyekiti akanipa kamba. Nikasema, "Sipandi." Akarudia, akidhani sijasikia. Nikasema tena mbele ya wote kwamba sipandi, na kwamba kama balozi lazima apande, basi mimi si balozi. Nikachana kurasa za mbele za daftari hili nikampa. Mahudhurio yote yako sawa.

Vijana wawili wa mgambo wakapanda kichuguu wakakata kamba. Mzinga wa kwanza ulishuka kwa kishindo na kifuniko kikafunguka. Sitaki kuandika sana. Masega yalikuwa mapya, meupe, membamba kama maganda ya kitunguu, hakuna asali, ni wiki nne tu. Yakavunjika. Nyuki walitoka na hasira ambayo ilikuwa haki yao. Katibu kata alikimbia na mkoba kichwani, mwenyekiti alijiviringisha kwenye boga la Bi Costancia. Siku nyingine ningecheka mwaka mzima. Mimi nilisimama tu. Nimeumwa mara kumi na saba, jicho la kushoto halifunguki.

Mzinga wa pili waliushusha watu wengine waliojifunika magunia. Walipofika kijijini na mizinga, haikuwa na nyuki hata mmoja. Imewekwa mbele ya ofisi. Nyuki niliwaona mimi, nilibaki: walijikusanya juu ya mninga, wakakaa kama saa nzima, kisha wakaondoka kuelekea mbugani.

Juni 15.
Lupakisyo anasema alimkuta. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu, "Ni yeye mwenyewe amekutuma?" Aliposikia ni mimi, akanunua nta tena.

Juni 18.
Jicho limefunguka. Balozi mpya ni Tomasi wa nyumba ya tatu. Amenijia kuuliza namna ya kupanga majina.

Juni 21. Jumamosi.
Nilifika kabla yake. Vipande vya masega nilikuwa nimeviokota, lakini nyasi zilizokanyagwa haziokoteki. Aliona kutoka mbali. Aliacha kuimba.

Nilisimama nikamwambia. Nilianza na paa: kwamba sikumuuliza kwa sababu nilijua angekataa, na nilitaka makofi. Kisha Lupakisyo. Kisha mkutano. Kisha Jumamosi ya mhogo. Hakunikatiza. Nyuki hakuna, kwa hiyo kimya kilikuwa kikubwa.

"Ulijua, ulipokuwa unakula mhogo wangu?"

"Nilijua."

"Nilipotaja Sabasaba, ulijua?"

"Nilijua."

Alikwenda kaburini akanipa mgongo. Nilimsikia akisema na mama yake kwa Kisagara, taratibu, sikuyashika yote. Nilishika "mume wangu" mara mbili, na sikuweza kujua kama yalikuwa mashtaka au utetezi.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Nani aliyepanda?"

"Mgambo. Mimi nilikataa."

"Sikupongezi."

"Sikuombi unipongeze."

"Safari hii ulikataa umeshachelewa. Safari ile hukukataa kabisa." Alipangusa uso kwa pembe ya khanga. "Kuna nafuu, lakini ndogo."

Akatoa nta kwenye kapu, akanitupia. Nikaidaka. Akaelekeza juu kwa kidevu, kwenye mizinga minne ambayo watu wa kijiji waliiona mitupu wakaipuuza. "Kule mimi sifiki."

Nilipanda. Nina umri wa miaka arobaini na sita na nilipanda miti minne. Nilikwangua buibui, nikafukiza, nikapaka. Kila nilipotazama chini nilikiona kitambaa chake cha kichwa, na mara mbili alisema, "Shika pale kushoto." Ilikuwa siku bora kuliko zote tangu Oktoba, na alikuwa bado hajanisamehe.

Nilipomsindikiza njia panda nikamuuliza kuhusu Sabasaba.

"Sabasaba nimeifuta."

"Basi lini?"

"Wenceslaus." Hajaniita jina langu tangu Paulina azaliwe. "Njoo kwa kaka. Asali usilete, huna. Mwambie haya yote uliyoniambia, mbele ya mke wake na wateja wake kama wapo. Usianzie katikati."

"Akikataa?"

"Atakataa," akasema. "Kaka yangu namjua. Utakuja tena."

Juni 29. Jumapili.
Niko Ulaya, kando ya barabara, nasubiri lori la Kilosa. Nimevaa shati nililolifua mwenyewe. Utaratibu unasema niende na mzee mmoja, na Lupakisyo amekubali kuwa mzee wangu. Amekaa juu ya gunia la mtu, mguu kaunyoosha, anapaka uzi nta.

Sijawahi kwenda ukweni mikono mitupu. Sijui niiweke wapi.

Nimejaribu maneno mbele ya Lupakisyo. "Shemeji, mimi ndiye niliyepanda juu ya paa la mama yenu bila kumuuliza mwenye nyumba." Akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Nikaendelea mpaka mizinga, mpaka yeye mwenyewe, mpaka mhogo. Alisikiliza yote.

"Umeungama vizuri," akasema. "Na unachoomba ni nini? Hukukitaja."

Nikafungua mdomo na sauti ikakatika, hapa barabarani, mbele ya wauza ndizi. Lupakisyo aliweka uzi chini akasubiri. Nilirudia mara tatu ndipo likatoka zima: nataka mke wangu arudi nyumbani, na kama nyumbani hakuna tena, nataka nikae alipo yeye.

"Hilo," akasema Lupakisyo, "litaje kabla hajaanza kukufukuza."

Vumbi la lori linaonekana.